Nzuri, Ila

Pigo la kwanza lilitua saa nne na dakika sita asubuhi, juu ya sikio la kushoto la msimamizi wa zamu, Bwana Kandonga. Mengine kumi yalifuata ndani ya sekunde saba. Spana ilikuwa ya chuma kitupu, uzito wake kilo moja na robo. Baada ya pigo la kumi na moja, kijana aliyeishika aliiweka chini taratibu, sambamba na ukuta, kama wanavyofundishwa mafundi wote wa kiwanda cha resini cha Ihanga. Kisha akalamba midomo yake, iliyokuwa imepasuka sehemu tatu.

Tuntufye Mwakalonge aliitazama video hiyo mara kumi na tisa. Alikuwa mtunza takwimu za dawa katika zahanati ya mji, na faili la kila mtuhumiwa anayetumia dawa ya kibali, vidonge vya kusafisha ngozi, lilipita mezani kwake kabla ya kwenda mahakamani. Sheria ilimuuliza swali moja tu: je, dawa ilihusika? Kulikuwa na visanduku viwili, ndiyo na hapana. Katika miaka mitatu alikuwa ameweka alama kwenye hapana mara kumi na tisa, na hakuwahi kuweka kwenye ndiyo. Adhabu ya kuua kwa kukusudia ilikuwa kitanzi.

Safari hii kilichomsumbua kilikuwa kicheko. Kabla ya pigo, Kandonga alisema, "Oya, Lusekelo, hiyo midomo vipi? Umebusu pasi ya moto?" Mafundi walianza kucheka kabla hajamaliza. Lusekelo naye alicheka nao, na spana ilipopanda alikuwa bado anacheka.

Kamera ya kiwandani hupiga picha hamsini kwa sekunde. Kati ya hasira na mkono, ubongo wa mtu mzima wa afya huweka breki ya robo sekunde hivi. Katika nafasi hiyo ndimo wengi wetu tunamoachana na mauaji. Robo sekunde ni picha kumi na mbili. Tuntufye alihesabu kutoka neno la mwisho la utani hadi mkono kunyanyuka, akapata tatu. Akaiandika namba hiyo pembeni mwa karatasi kwa penseli, bila maelezo.

*

Siku iliyofuata, kabla ya kwenda gerezani, alimeza kidonge chake. Akajipaka mafuta mazito midomoni, akatia matone machoni, akasokota pamba na kuliziba tundu la kushoto la pua. Viungo vya vidole vilimuuma alipokuwa akifunga vifungo vya gauni. Yote hayo yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi, na hakuona sababu ya kuyalalamikia.

Kwenye Lango la Pili alisimama juu ya alama ya njano, akanyoosha shingo. Lango lilisoma mpangilio wa vinyweleo vya mashavu yake, kwa kuwa vitambulisho vya kadi vilighushiwa hadi vikaachwa, na hakuna aliyewahi kughushi vinyweleo.

"Karibu, Tuntufye."

Nyuma yake alisimama mwanamume mwenye majipu mapya kwenye taya. Ukungu wa resini huziba ngozi. Aliyekosa vidonge kwa wiki chache huota chunusi hadi shingoni.

"Uso hausomeki," lango likasema.

"Ngoja kwanza, ngoja nijifute."

"Uso hausomeki. Uso hausomeki."

Baada ya mara ya tatu walinzi walimkamata mkanda wa suruali, wakamwangusha kifudifudi kwenye zege. Tuntufye alisikia jino likigonga sakafu, kisha buti, kisha buti tena. Hakugeuka. Ukigeuza kichwa kabla hujavuka mstari wa mwisho, lango hufuta usomaji wako na unaanza upya.

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza ya chuma, viti viwili na kamera moja kwenye kona. Lusekelo, umri miaka ishirini na mitatu, alikuwa amefungwa pingu mbele.

"Shikamoo."

"Marahaba. Habari ya mwili?"

Ilimtoka vile vile alivyoirekodi miaka mitatu iliyopita kwa mashine ya dirisha la vidonge. Kijana akanyanyua kichwa.

"Kumbe ni wewe! Dada Dirisha."

"Nilitoa sauti tu. Mashine si mimi."

"Haya. Nzuri, ila." Akatulia, akamtazama, akacheka. "Unaona? Leo umesubiri nimalize."

"Umalize nini?"

"Kila Jumanne nakwambia, nzuri, ila mikono inanitangulia. Tangu mwezi wa pili. Wewe unaniambia asante, unanitupia vidonge."

Tuntufye akafungua faili. "Rekodi yako ina wiki thelathini na moja. Majibu thelathini na moja, yote ni nzuri."

"Sasa dada, mtu anakuuliza habari, umwanzie na ubaya? Mimi nimelelewa."

"Bwana Kandonga amekufa, Lusekelo. Huenda unatafuta pa kuegemea."

"Najua amekufa. Nilikuwepo." Sauti yake haikupanda. "Mzee yule ndiye aliyenifundisha kushika spana. Mkono ulipomaliza, mimi ndio nafika. Nimekuta kazi imeshafanyika." Akainamisha kichwa kuutazama uso wa Tuntufye vizuri. "Na wewe unameza. Hiyo midomo si midomo, ni gome la mpera. Sasa wewe unamwambia nani? Unajisalimia kwenye kioo, 'habari ya mwili, Tuntufye', halafu unajijibu nzuri, unajiambia asan..."

Shingo yake ilikuwa tayari mikononi mwa Tuntufye.

Hakukumbuka kuzunguka meza. Alikumbuka kwamba ngozi ya koo ilikuwa ya moto, na kwamba kitu kigumu chini ya kidole gumba cha kulia kilikuwa kikisogea na yeye alikuwa akikizuia kisisogee. Damu kutoka puani mwake ilidondokea kola ya kijana. Askari wawili waliingia. Iliwachukua sekunde kumi na nne kuifungua mikono yake, na mmoja alilazimika kuvipinda vidole vyake kimoja baada ya kingine.

Lusekelo alikohoa hadi akatapika kwenye mapaja yake. Aliponyanyua uso, macho yalikuwa mekundu.

"Umeona," akasema kwa mkwaruzo. "Umeona, dada."

Kanuni ya sita ya gereza inampa mhoji haki ya nakala ya mahojiano yake. Tuntufye aliiomba, akatia sahihi, akaipeleka ofisini. Kamera ilikuwa ya aina ile ile ya kiwandani. Akahesabu picha. Zilikuwa tatu.

*

Mashine ya kugawa vidonge haikuanza na salamu. Watengenezaji walileta orodha ya maswali ishirini na sita, yasomwe moja baada ya jingine: midomo inakauka, pua inatoka damu, umewahi kufikiria kujiua. Watu wa Ihanga waliliona dirisha kama mtu asiye na adabu. Wazee waliondoka bila kujibu. Mwanamke mmoja alilipiga ngumi. "Hajanisalimia, ananiuliza kama nataka kufa!"

Tuntufye ndiye aliyetoa pendekezo. Yafutwe maswali, liwekwe moja: habari ya mwili? Atakayetaja dalili, mashine iiandike. Atakayejibu nzuri, salama, mzima au safi, ahesabiwe hana madhara, dirisha lishukuru na kutoa vidonge, foleni isogee. Foleni ya saa nne ikawa ya dakika arobaini. Alipewa cheti, kikatundikwa ukutani juu ya meza yake.

Alijua, kama anavyojua kila mtu aliyezaliwa hapa, kwamba mgonjwa aliyelala kwenye machela atajibu nzuri kwanza, ndipo aseme kinachomuua. Alilijua jambo hilo kiasi kwamba hakuwahi kulifikiria.

Hata hivyo mashine iliendelea kunasa sauti kwa sekunde nane baada ya kila jibu, ili ijirekebishe na kelele za uani. Vipande hivyo viliitwa mikia. Havikusikilizwa na mtu. Vilihifadhiwa kwa sababu hakuna aliyetoa amri ya kuvifuta. Tuntufye akafunga mlango wa ofisi na kuvifungua.

"Nzuri, ila macho kama nimetiwa pilipili."

"Salama, ila damu ya pua haikatiki, nimelowesha mto."

"Mzima, ila nimempiga mke wangu na sikumbuki kuamua."

"Nzuri, ila nimemvunja mbwa wangu mgongo. Nampenda yule mbwa, dada."

"Safi, ila... ah, basi. Foleni ndefu."

Chini ya kila sauti ilisikika sauti yake mwenyewe ikisema asante, chukua vidonge vyako.

Mwanamke mmoja aliongea kwa kunong'ona, karibu kabisa na kinasa. "Nzuri, ila mwenzangu, visu nimevifungia sandukuni, ufunguo nimempa jirani. Nina mtoto wa miezi minne. Nifanyeje?" Vidonge vikaanguka kwenye kikombe cha bati. Mwanamke hakuondoka. Pumzi yake ilisikika hadi sekunde ya nane, mkia ukakatika.

Alifanya kazi hiyo siku tatu. Alipanga mikia kwa maneno, akayasikiliza yale ya mikono kwa masikio yake mwenyewe, moja moja. Watumiaji walikuwa elfu arobaini na moja na mia tatu. Waliosema, kwa namna moja au nyingine, kwamba mikono imewatangulia walikuwa mia mbili na sita. Mmoja kati ya mia mbili.

Kisha akatoa kabatini mafaili kumi na tisa aliyoyawekea alama ya hapana. Watu kumi na mmoja kati yao walikuwa wamekwisha nyongwa. Akatafuta mikia yao. Tisa walikuwa wamesema.

*

Daktari Bakilana, mkuu wa zahanati, alisikiliza mikia sita akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua aliuliza, "Umemwonyesha nani?"

"Wewe wa kwanza."

"Kesi ya kijana ni lini?"

"Kesho saa tatu."

Akavua miwani. "Mwaka juzi vidonge vilikosekana wiki tano. Unakumbuka Lango la Tatu?"

"Walikufa thelathini na mmoja."

"Thelathini na wanne. Watatu walifia wodini kwangu, wamekanyagwa vifua. Hao walikuwa wanataka kuingia tu, Tuntufye. Kuingia kazini, sokoni, hapa kliniki. Ukiweka alama ya ndiyo, sheria inasimamisha dawa siku hiyo hiyo, haina mjadala. Kufikia wiki ya sita una watu elfu arobaini wasiosomeka. Wewe ni mtu wa hesabu. Nifanyie hesabu hiyo."

"Nimeshaifanya. Ndiyo maana nimekuja."

"Basi weka hapana. Nami nakuahidi, mwezi ujao tunaongeza swali kwenye dirisha. Tunawatoa hao mia mbili kimya kimya, mmoja mmoja, na hakuna lango linalovunjwa."

"Na Lusekelo?"

"Aliua mtu."

"Atanyongwa kwa swali nililolitunga mimi."

"Atanyongwa kwa spana." Alisema bila ukali. "Mwanangu, wale kumi na mmoja hawarudi hata ukilia. Na wewe una video ya kumkaba mfungwa. Ukiitoa, ajira imekwenda, na pengine unafunguliwa mashtaka. Jionee huruma basi. Au ndiyo ule ushujaa wa wasomi wa..."

"Daktari," Tuntufye akamkatiza. "Ondoa huo mkasi."

Bakilana akatazama meza. Mkasi wa kukatia bandeji ulikuwa katikati yao. Akamtazama Tuntufye, ambaye alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili, mabega yamekakamaa, na ufa wa mdomo wa chini ukivuja damu kidogo. Akauvuta mkasi taratibu hadi kwenye droo. Kisha akasogeza kiti chake nyuma.

"Umeacha lini kumeza?"

"Siku nne. Inahitaji wiki tano kutoka mwilini."

"Kwa hiyo unataka nini kwangu?"

"Nilitaka uone. Mtu akiona, hesabu hubadilika." Akainuka, mikono ameifumbata nyuma. "Sijui kama inabadilika kwa usahihi."

*

Mahakama ilijaa hadi ngazini. Jaji, mama wa makamo mwenye kovu la zamani la chunusi kwenye paji la uso, alimaliza kuandika ndipo akamtazama shahidi.

"Habari za asubuhi, Bi Mwakalonge?"

"Mbaya, Mheshimiwa."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Jaji akaweka kalamu chini.

"Nimekusalimu, shahidi."

"Nimesikia, Mheshimiwa. Ni mbaya. Naomba nianzie hapo."

Alizungumza dakika ishirini na mbili. Alionyesha picha tatu za Lusekelo na picha tatu zake mwenyewe, akazitaja kwa namba. Video ya gereza ilipochezwa, mama wa Lusekelo aliona mikono ya shahidi kwenye koo la mwanawe na kupiga ukelele, ikabidi ashikiliwe. Tuntufye alisubiri ukelele uishe, akaendelea. Akasoma majina tisa ya walionyongwa, na tarehe walizosema. Wakili wa Serikali alimuuliza kama anafahamu litakalotokea malangoni. Alijibu kwamba anafahamu, akataja Lango la Tatu, watu thelathini na wanne, na kusema kuwa safari hii anakadiria zaidi.

"Zaidi kiasi gani?"

"Mia moja. Pengine mia moja na hamsini. Malango yakiachwa wazi kwa amri, hatakufa hata mmoja. Hilo liko kwenye uwezo wa mahakama hii, si wangu."

Jaji alitoka kwa muda wa saa moja. Aliporudi, aliondoa kosa la kukusudia. Lusekelo atafungwa, hatanyongwa. Dawa ikasimamishwa kuanzia saa sita mchana. Kuhusu malango alisema hana mamlaka, na kwamba atawaandikia wenye mamlaka. Lusekelo alishushwa chini akiwa anatazama mikono yake.

Vipaza sauti vya mji vilitangaza amri, na kwamba shahidi ni mwenye sauti ya dirishani, kabla Tuntufye hajafika mlangoni. Nje, kwenye ngazi zilizojaa watu, kelele zilianza chini na kupanda. Mtu alirusha kiti. Kioo cha lango la mahakama kikapasuka, mlinzi akapiga rungu kichwa cha kwanza kilichokuwa karibu, naye akaangushwa na kufunikwa na miguu. Kati ya waliokuwa nje, hakuna aliyeijua sura ya Tuntufye. Alifika ngazi ya nne.

"Naomba nipite," akasema.

Vichwa vikageuka.

"Ni yeye! Sikilizeni hiyo sauti! Dada Dirisha!"

Ngumi ya kwanza ilimpata shavuni, ya pili mbavuni. Alianguka ubavu, akahesabu mateke kwa mazoea, akapotelea kwenye la tisa. Juu yake alisimama mwanamke mwembamba, midomo yake imepasuka, ameinua kipande cha nondo kwa mikono miwili.

"Wiki sita!" mwanamke akapiga kelele. "Wiki sita nitakuwa nje ya lango! Nitamlisha nini mwanangu, wewe? Nifanyeje? Niambie, nifanyeje?"

Tuntufye alikuwa ameisikiliza sauti hiyo mara nyingi kuliko zote.

"Visu," akasema. "Bado umevifungia?"

Nondo ilikuwa tayari inashuka. Ilivunja mfupa wa bega la kushoto. Aliusikia kabla ya kuuhisi. Kisha mwanamke akaganda, akaitazama nondo kama kitu alichopewa na mtu amshikie. Uso wake ulianza kuelewa swali aliloulizwa.

"Ufunguo uko kwa jirani," akasema, na sasa ilikuwa ile sauti ya kunong'ona. "Na mtoto yuko kwa jirani. Tangu Jumapili sijamshika."

Tuntufye akagundua kuwa mkono wake wa kulia umeshika jiwe la ukubwa wa embe, umelinyanyua hadi usawa wa goti la mwanamke. Hakukumbuka kuliokota. Akavifungua vidole kimoja baada ya kingine, kuanzia kidogo, hadi jiwe likaanguka.

"Habari ya mwili?" akamuuliza.

Mwanamke akachuchumaa kwenye ngazi, katikati ya miguu ya watu.

"Mbaya," akasema.

Kiti kingine kilipita juu ya vichwa vyao na kuvunjikia ukutani. Tuntufye hakusema asante. Alimsubiri amalize.